Mikono ya Mfinyanzi wa Kijapani

Hebu niambie: tajiri akikupa kitu kizuri bure, humuulizi kwa nini yeye hakitaki?

Shahida hakuuliza. Ana digrii ya kemia, na mwaka wa nne huu anapiga deki nyumba za Wazungu hapo Malindi. Mmoja wao alipohama, Cliff, wakala wa nyumba, akamtupia kikombe cha chai cha Kijapani, cha udongo, kikuukuu, kisicho na mkono. "Vintage, my dear. Handmade. Hakuna aliyewahi kukinywea."

Hilo ndilo lililomponza. Mamake, Bi Tumu, alikuwa mgonjwa wa kifua, na Mwalimu Harith alipokuja kumwandikia kombe alitaka chombo kisichoguswa na kinywa cha mtu. Shahida akaleta kile. Mwalimu akaandika aya ndani yake kwa zafarani, akaziosha kwa marashi ya mawaridi, Bi Tumu akanywa.

Kifua kikapoa siku hiyo hiyo. Ila nyumba ikaanza kunuka moshi na udongo mbichi, na jikoni hamna moto.

Alhamisi adhuhuri akamkuta mamake uani, amekunja magoti, anafinyanga, mwanamke asiyejua hata kukanda tope, huku akinong'ona kwa lugha isiyo ya pwani hii, na vikombe vimejipanga hadi mlangoni, vyote sawa na kile, vyote vina wekundu wa damu ukingoni, maana udongo ulikwisha kumla kucha na sasa ulikuwa ukimla vidole, na bado hakuacha.

"Si mimi, mwanangu," Bi Tumu alisema polepole. "Nishike mikono. Huyu hajamaliza kazi yake."

Mwalimu akaitwa tena, akamsomea aya hadi sauti ikamkauka. Akakigonga kikombe kwa jiwe; kikaingia ufa, na shavu la Bi Tumu likapasuka vile vile. Akaliweka jiwe chini.

Shahida akampigia Cliff. Cliff akacheka kwanza, kisha akakiri: kikombe kilikuja na barua ya mjane wa mfinyanzi, na yeye na bosi wake, yule Mzungu aliyehama, waliitafsirisha. Mfinyanzi alikufa hajapata kikombe alichokitaka. Atakayekinywea atamfanyia kazi hadi anywe mwingine. Barua waliichana.

Sasa Shahida amekaa na kikombe mapajani, marashi yamo, na mikono yake mizima haijawahi kupata kazi iliyoisomea.

Basi nyinyi mlioisoma barua mkaichana, mkaona wa kubebeshwa ni mpiga deki: njooni leo, kabla hajakitia mdomoni. Njooni mnywe wenyewe.