Jani la Marehemu

Usinikunjie uso. Kama huamini, kaa na kutoamini kwako, ila usinikatize.

Fundi lesi alikuwa mtu wa kukusanya. Nyuzi, vifungo, shanga, makabati yamefura, na bado akiona kopo la uzi anashikwa na homa. Alipofariki kikongwe mmoja wa kazi hiyohiyo, akajibebea mkebe wake. Ndani mlikuwa na jani la lesi, pambo dogo la vitanzi na mafundo, lililoishia njiani, bado limeshikana na kijiti chake cha kupitishia uzi.

Jani la marehemu hukatwa likatupwa, wasuka lesi wote wanajua. Yeye akauonea uzi uchoyo. Akaendelea palepale mkono wa mwenzake ulipoachia.

Uzi huo aliutaka kwa majani ya kupamba shela ya binti yake wa pekee, harusi Jumamosi. Usiku huo akasuka kadhaa, kesho yake akakuta majani hayapo. Uzi tu, umenyooka kama umetoka dukani.

"Umeyafumua mwenyewe ukasahau," wifi yake akamwambia. "Uzee huo."

"Mafundo haya hayafumuki, wifi. Ukikosea unakata. Au niliyafumua kwa meno yako?"

"Meno yangu yaache, yamebaki machache."

Akasuka upya, yakafumuka upya. Akamlaumu paka, akamgombeza binti, akatupa kijiti ukutani kisha akainama kukiokota, maana shela haijipambi. Chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua. Na mchana kweupe, yeye yuko jikoni, anasikia tik, tik, tik, mlio wa kijiti kikipita kwenye uzi.

Ijumaa wifi akafungua mkebe. Hakutania tena.

"Jani la marehemu limekua," akanong'ona. "Limebakiza kitanzi kimoja litimie. Likate."

"Nikate uzi wote huu?"

Binti akaita toka chumba cha pili, anajaribu shela. "Mama, mbona hukuniambia umemaliza? Imejaa majani."

Fundi hakuwa ameshona hata moja. Akalikamata lile jani alivute, na uzi ukamzunguka vidole vya mkono wa kushoto, vilevile anavyouzungusha mwenyewe kila siku, ukaanza kukaza polepole, kama unavutwa na mtu asiye na haraka, na ncha yake ya pili ikapita chini ya kabati, katikati ya vifungo na shanga zake zote, ikapenya chini ya mlango hadi kule binti alikokuwa, na sauti ya binti ikarudi nyembamba: "Mama, inanibana shingo."

"Mkasi, wifi."

Fundi akaupokea, akaukata uzi. Kule chumbani binti akakohoa, akavuta pumzi. Majani yakamwagika sakafuni kama mchanga.

Binti akaja na shela mkononi; Fundi akaichukua, tupu kama ilivyonunuliwa, akaikunja kwapani.

"Na vitu vyako?" wifi akauliza. "Makabati yote haya?"

Ndani ya mkebe, tik.

"Si vyangu tena," akasema. Akawasukuma wifi na binti mbele, akatoka, akafunga mlango.