Magazini Iliyong'olewa Mtini

Tulikwenda kununua bastola Jumamosi moja ya Desemba, wakati ambao kwetu Kainuu, huku kaskazini kwenye baridi, jua huwa limeshachoka. Ilikuwa saa nane tu mchana, na theluji ya barabarani tayari ilikuwa imegeuka buluu. Mume wangu Reijo aliendesha gari huku akipiga mluzi. Mimi nilikaa nyuma na Essi, binti yetu wa miaka miwili, nikimfuta makamasi.

Reijo alikuwa mkusanyaji wa silaha za zamani. Watu wakisikia hivyo hudhani ni mtu anayependa vitu vya kale. Reijo alichopenda ni kuwaona wenye vitu hivyo kuwa wajinga. Njia nzima alinieleza jinsi vibibi vya vijijini vinavyofunga mali ya maana kwenye matambara, na jinsi vinavyofurahi kupewa chochote.

Mwenye bastola aliitwa Hilja. Alikuwa na miaka sabini na kitu, akiishi peke yake mwisho wa njia ya msituni. Kabla hajakaa, alimvua Essi glavu zilizolowa, akazianika juu ya jiko, akamvika soksi za sufu alizofuma mwenyewe. Akatupa kahawa na mkate mtamu wa iliki. Kipande cha Essi alikikata vidogo vidogo bila kuambiwa. Reijo alisukuma sahani kando ili atandaze kitambaa chake cheupe.

Ilikuwa Parabellum, bastola ya Kijerumani, katika zile ambazo jeshi letu lilizinunua miaka ya ishirini, kisha likaziuza zilipozidi ghalani. Eino, kaka yake Hilja, aliibeba vitani. Jeshi lilipoanza kuuza, aliitafuta kwa namba yake mpaka akaipata ileile, akainunua. Sasa ilikuwa imepita miaka minane tangu Eino afe.

Reijo alivaa glavu nyembamba, akatoa lenzi na tochi ndogo. Akamulika ndani ya mtutu. Mikondo yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, ilikuwa mikali, haina kutu. Akachunguza muhuri wa jeshi, namba ya kwenye fremu, namba ya kwenye mtutu, na zile tarakimu mbili mbili kwenye vipande vidogo hadi kwenye kifyatulio. Zote zililingana. Weusi wa chuma ulikuwa umefifia kwenye kingo tu, pale ala ya ngozi ilipousugua. Niliona alivyorudia kuzisoma namba zile kwa tamaa, lakini usoni alikunja pua kama aliyenusa samaki aliyeoza. Ndivyo alivyokuwa akinunua.

Kisha akageuza mpini, akachungulia. Ulikuwa mtupu. Hapakuwa na magazini, kile kisanduku chembamba cha risasi kinachoingia mpinini. Akasema kwamba bila magazini yake, hicho alichoshika ni nusu ya kitu.

"Ndiyo, baba," Hilja akajibu. "Ndiyo maana tunalala."

Akatueleza kwa sauti ya chini. Njiani kwenda makaburini kuna msonobari wa zamani. Mtu akifa, ndugu zake humchongea jina lake pale, ili akitaka kurudi nyumbani alisome, akumbuke kuwa amekufa, ageuke. Wote waliochongwa pale waligeuka. Eino hakugeuka. Jioni ya kwanza baada ya kuzikwa walimsikia uani. Jioni ya pili walimsikia ngazini. Jioni ya tatu aliingia, akaketi kando ya kitanda cha mdogo kuliko wote ndani ya nyumba, mjukuu wa Hilja, mtoto wa miaka mitatu.

Asubuhi mtoto hakuamka.

Hilja aliyasema hayo huku akipapasa soksi ya Essi. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyechukua magazini, akaipigilia msumari kwenye ule msonobari, chini ya jina la kaka yake. Tangu siku hiyo Eino hufika pale, huikuta iliyo yake, hurudi alikotoka.

"Nusu inamtuliza," alisema. "Nzima inamwamsha. Usije ukaziunganisha, mwanangu."

Reijo aliuliza jambo moja tu. Je, kwenye kitako cha ile magazini kuna namba, na ni hiyo hiyo? Hilja, ambaye hakujua kusema uongo, akasema ndiyo.

Reijo akalipa, tukaondoka na bastola, na giza lilikuwa limeshafunga tulipoufikia ule msonobari njiani. Reijo akasimamisha gari. Nilimshika mkono, nikamsihi kwa ajili ya Essi.

"Mama Essi, mpakate mtoto," alisema. "Mambo ya chuma huyawezi. Unajua bastola za jeshi zenye magazini zake za asili ziko ngapi? Halafu kibibi kizima kinaipigilia mtini kama kalenda."

Akashuka na koleo la kung'olea misumari.

Kwaa... kwaa... Mti ulikuwa umeanza kuimeza, gome limefunika kingo zake. Nilisikia gome likipasuka, kisha msumari ukalia. Akarudi akicheka, akanitupia ile magazini mapajani.

Ilikuwa na joto.

Nje ilikuwa baridi ya nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Chuma kile kilikuwa na joto, kama kilichotolewa sasa hivi kwenye kiganja cha mtu. Nilipomwambia, Reijo alisema ni joto la mkono wake. Alikuwa amevaa glavu mbili, moja juu ya nyingine.

Nyumbani aliifuta utomvu, akasoma namba chini ya taa. Akainua bastola, akaisukuma magazini ndani ya mpini.

Tak.

Aliishika juu ya taa kama mtu aliyeshika mtoto wake mchanga, jambo ambalo kwa Essi hakuwahi kulifanya. Na hapo ndipo nilipoisikia sauti kutoka upande wa msitu.

Shwaa... shwaa... shwaa...

Mtu alikuwa anakuja na mbao za kutelezea theluji. Taratibu, bila haraka, kama mtu anayeijua njia. Akafika ukingoni mwa uwanja wetu. Akasimama. Hakuondoka.

Reijo alisema ni jirani. Jirani yetu wa karibu yuko kilomita nne, na amevunjika nyonga.

Jumapili, giza lilipoingia, alifika ngazini. Kwetu kila ngazi ina ufagio wa vijiti wa kupangusia theluji viatuni kabla ya kuingia. Niliusikia ukifanya kazi. Fya, fya. Kiatu cha kulia. Fya, fya. Cha kushoto. Kwa adabu kabisa. Harufu ya lami ya mti, ile inayopakwa kwenye mbao za theluji, ikapenya chini ya mlango.

"Babu anapangusa viatu," Essi akasema, akacheka.

Nilimwomba Reijo aitoe magazini. Nilipiga magoti. Alisema kuitoa na kuiingiza ovyo kutaikwaruza. Akaifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akauvaa shingoni, akaketi kuwaandikia wakusanyaji wenzake.

Jumatatu asubuhi nilimpigia Hilja simu, nikamwambia namchukua mtoto naenda kwa mama yangu. Akaniambia kwamba Eino akishapangusa viatu ameshamjua mtoto, na atamfuata popote. Akasema nimsubiri yeye, anakuja.

Alikuja na basi la saa sita. Mkononi alikuwa na mfuko mdogo, na ndani yake mkate wa iliki wa Essi. Alimwomba Reijo mara moja tu aitoe magazini. Reijo akamuuliza kama amekuja kudai nyongeza, sasa alipojua thamani yake. Hilja alivua viatu, akaenda chumbani kwa Essi, akajikunja kwenye kile kitanda kidogo, magoti kifuani.

Nilimfuata nikilia. Nikamwambia sikumwita kwa ajili hiyo.

"Tulipokuwa wadogo alinibeba mgongoni mpaka shule," alininong'oneza. "Humtafuta mdogo. Akiniona mimi, mdogo wake, hatamtafuta mwingine. Mfunike mtoto, binti yangu. Kaa naye karibu na jiko."

Nikakaa. Saa tisa giza likaingia.

Shwaa... shwaa...

Fya, fya. Fya, fya.

Mlango haukufunguka. Lakini baridi ilikatiza sebuleni, ikapita mbele ya magoti yangu kama mtu anayepita akiinua mguu asimkanyage mtoto. Essi akageuza kichwa kuifuata. Reijo hakuinua macho kwenye barua yake. Akafunga kifungo cha shati tu.

Chumbani, kitanda kililia. Mtu mzito alikuwa ameketi.

"Umechelewa, Eino," nikamsikia Hilja.

Nilipoingia alikuwa ameshakata roho. Sakafuni, kando ya kitanda, palikuwa na theluji kidogo yenye umbo la soli mbili. Chumba kilikuwa na joto, lakini theluji ile haikuyeyuka mpaka kesho yake.

Daktari alisema ni moyo. Reijo alisema ni uzee, tena akanung'unika kwamba heri angefia nyumbani kwake mwenyewe. Siku ya mazishi hakuja. Kuna mtu alikuwa anakuja kutoka mjini kuitazama bastola, na alipoitazama, akaandika kwamba ni ya asili, kamili, haijapungua kitu. Reijo alinisomea karatasi hiyo nilipokuwa nafunga mizigo.

Sasa tunaishi kwa mama yangu. Essi analala vizuri.

Reijo alipiga simu wiki ya tatu, jioni. Sikumtambua mara moja, kwa sababu alikuwa ananong'ona.

"Wanapangusa viatu," alisema. "Wako wawili."

Nikamwambia aitoe magazini.

"Haitoki. Nimejaribu hata kwa nyundo."

Fikiria, nyundo, kwenye chuma ambacho hakutaka kikwaruzwe. Kisha sauti yake ikalainika. Akaniuliza Essi hajambo. Akasema kitanda chake amekitandika vizuri. Akaniuliza kama naweza kumleta, hata kwa jioni moja tu, alale hapo.

Tangu Essi azaliwe hakuwahi kutandika kitanda cha mtoto. Ikanichukua muda kidogo kuelewa. Nyumba ile sasa ilikuwa na mtu mmoja tu ndani yake, na mtu aliye peke yake ndiye mkubwa, ndiye mdogo. Reijo hakuwa mpweke. Alitaka awepo mdogo kuliko yeye.

Sikumtukana. Nilikosa tusi la kumtosha.

Nyuma ya pumzi zake niliusikia ufagio. Fya, fya. Ulikuwa unafanya kazi bila haraka, kiatu baada ya kiatu.

Kisha ukanyamaza.

"Virpi," Reijo akaniita kwa jina langu.

Nikakata simu, nikaenda kumfunika mwanangu.