Gundi Iliyokataa Kukauka

Kila siku basi la shule lilipomshusha mwisho wa barabara ya ghuba, Corinna Wentzell alipitia nyumbani kutupa mkoba tu. Alivaa nguo zake za kazi, zilizojaa matone makavu ya gundi, akachukua kipande cha mkate chenye molasi na kukimbilia bandani. Huko alimkuta baba yake, Lloyd, akipiga msasa. Msimu wa kambakoche ulikuwa umekwisha na mitego imeshapandishwa nchi kavu. Wavuvi wa ghuba yetu walikuwa wamebakiwa na kazi mbili, kupaka rangi na kuwasema wenzao.

Baba na binti walikuwa wakitengeneza mashua ndogo ya tanga, yenye urefu unaozidi kidogo kitanda cha mtu mzima. Mbao zake nyembamba za plaiwudi zilikuwa zimeshonwa kwa waya wa shaba kama mtu ashonavyo gunia, na maungio yake yalijazwa gundi kwa ndani. Gundi ikishaganda, waya huchomolewa, na kuanzia hapo mashua hushikwa na gundi peke yake. Ikilegea, mbao hufunguka majini na aliyemo huogelea.

Jumamosi ya mwisho ya Juni yangekuwapo mashindano ya mashua zilizotengenezwa nyumbani. Corinna, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyasubiri tangu theluji ilipokuwa mlangoni. Kabla ya kushindana, mkaguzi angebonyeza kila ungio kwa dole gumba. Ungio likibonyea, mashua hairuhusiwi majini, na mkaguzi wetu ni mama asiyejua kubembelezwa.

Ungio la kulia walilijaza pamoja, likaganda vizuri. La kushoto Corinna alilijaza peke yake siku ya Ijumaa, baba yake alipokwenda mjini Lunenburg kutafuta kitambaa cha tanga. Gundi yao ilikuwa ya chupa mbili, moja ya gundi yenyewe na nyingine ya dawa ya kuigandisha. Kwa vile alikuwa na haraka, Corinna aliongeza dawa. Alikuwa amemwona Mjomba Curtis, mnyoosha bodi za magari, akizidisha dawa kwenye puti ili ikauke upesi. Alipomaliza alijisifu moyoni, akaenda kula.

Jumatatu aligusa ungio lile, kidole kikanata. Lilikuwa laini kama molasi iliyomwagika mezani.

"Labda ni ukungu na baridi," baba yake alisema.

"Mbona la kulia limeganda? Ukungu unachagua upande?"

Baba aliligusa ungio mwenyewe. Corinna aliinama kuangalia chini ya mashua, akaona jambo lililomfanya asahau gundi. Mashua ilikaa juu ya toroli la magurudumu manne, na wao walikuwa wamechora chaki sakafuni pale gurudumu lilipokanyaga. Sasa kila gurudumu lilikuwa kando ya alama yake. Mtu alikuwa ameingia bandani na kuisogeza mashua.

Tangu saa hiyo Corinna hakuwa na raha. Alimwangalia kila mtu kama mwizi aliyekuwa bado hajakamatwa. Rafiki yake Nadine alipouliza mashua imefikia wapi, Corinna alimjibu kwa swali: anataka kujua ya nini? Nadine alishtuka, akamwambia kwamba siku hizi haongei na watu, anawahoji. Hata mbwa wa jirani alipopita karibu na banda alifuatwa kwa macho mpaka akatokomea.

Lakini mtu aliyemkaa zaidi kichwani ni Mzee Burton Zinck. Mzee huyo aliishi ng'ambo ya ua, na ujanani alikuwa ametengeneza mashua za mbao nene zilizopigwa misumari. Siku plaiwudi ilipoletwa alisimama uani, akaitazama weee, kisha akatangaza kwa sauti ya kusikika gatini kwamba hiyo si mashua, ni sanduku la viazi. Tena mjukuu wake naye alikuwa akijiandaa kwa mashindano yaleyale. Corinna alijumlisha hayo yote, akapata jibu alilokuwa akilitaka.

Jumanne asubuhi, kabla ya kwenda shule, alimwaga vumbi la mbao sakafuni na kulisambaza kwa ufagio. Mchana huo wanafunzi walirudishwa mapema. Badala ya kwenda bandani, alijibanza nyuma ya pazia la jikoni. Hakukaa sana. Mzee Zinck alitoka kwake, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akapenya pengo la ua na kuingia bandani. Alipotoka alikuwa akipangusa mikono kwenye suruali. Corinna alikimbia kuangalia. Alama za viatu vya mzee zilizunguka pale sakafuni, na magurudumu yalikuwa yamechora duara zima kwenye vumbi.

Hapo angemtafuta baba yake, na mambo yangeishia nyumbani. Yeye alikwenda gatini. Watoto walikuwa wamejaa wakivua samaki wadogo, akawaambia kwamba Mzee Zinck huingia kwa watu kuharibu mashua ili mjukuu wake ashinde. Aliwaambia pia wavuvi waliokuwa wakipaka rangi mashua zao, na akamwambia mwenye duka alipokwenda kununua maziwa. Sisi watu wa ghuba habari ya aina hiyo hatuilazi njaa. Kufikia chakula cha jioni, ilikuwa imezunguka nyumba zote na kurudi ikiwa imenenepa, kwamba mzee alikutwa na msumeno mkononi.

Kesho yake mzee alipopita gatini, kijana mmoja alimwuliza, "Vipi, Mzee Zinck, leo unatoboa ya nani?" Watoto wakacheka. Mzee aligeuka akarudi nyumbani. Dukani alipimiwa sukari yake bila kuulizwa hali, na huko kuulizwa hali ni nusu ya safari.

Habari ilipomfikia Lloyd, alimwita mzee pamoja na Corinna bandani, akafunga mlango.

"Burton, uliingia humu?"

"Niliingia."

"Umeona, Baba?" Corinna alisema.

"Nyamaza wewe. Burton, ulifuata nini?"

Mzee Zinck alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Uso ulimwiva. Alisema kwamba Jumamosi iliyotangulia, walipokuwa wakiingiza mashua kutoka juani, aliwaona wakiigeuza kinyume cha jua. Mashua hugeuzwa kwa kufuata jua, kutoka mashariki kwenda kusini hadi magharibi. Yeye alifundishwa hivyo, na marehemu kaka yake alifundishwa hivyo pia lakini siku moja alikuwa na haraka. Kaka huyo hakurudi kutoka baharini. Kwa hiyo mzee aliingia akaizungusha mashua mzunguko mzima kufuata jua, akairudisha mahali pake. Jumatatu jioni walipoitoa na kuiingiza, walikosea tena, naye akaja tena kuirekebisha.

"Kwa nini hukutuambia?" Lloyd aliuliza.

"Nikuambie nini? Nimekusimanga mbele ya watu kwamba umetengeneza sanduku la viazi, halafu nije nikuombe uligeuze vizuri? Mngenicheka mpaka Krismasi. Sijui kama jambo lenyewe ni kweli, Lloyd. Najua tu kwamba atakayekaa humo ni mtoto."

Lloyd aliitazama mashua. Miaka yote alijigamba kwamba hayo ya jua ni mambo ya wazee, lakini siku hiyo nilisikia hakula chakula chake chote.

Corinna hakuguswa. "Na gundi je? Nayo uliizungusha?"

"Gundi hiyo siijui hata harufu yake, binti. Sijaigusa."

"Muongo," alisema Corinna. Baba yake alimkemea, akamwambia amwite mzee wa watu muongo siku atakayokuwa na ushahidi. Corinna alijibu kwamba ushahidi ataupata.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Alichukua kikombe cha karatasi, akachanganya gundi na dawa vilevile kama alivyofanya ile Ijumaa, akajaza pengo kati ya vipande viwili vya plaiwudi. Gundi hiyo ikiganda mahali ambapo mzee hafiki, itajulikana kwamba ile ya kwenye mashua iliharibiwa. Baba yake alimtazama akimimina, akaonekana anataka kusema kitu, akakimeza. Kisha naye alichukua kikombe chake, akasoma kibandiko cha chupa, akapima, akachanganya na kujaza vipande vyake. Jozi zote mbili ziliwekwa ndani ya sanduku la zana lenye kufuli, karibu na jiko la nyumbani palipo na joto. Corinna aliuvaa ufunguo shingoni.

Siku iliyofuata alirudi kutoka shule akifungua kufuli huku akitabasamu. Vipande vya baba yake vilikuwa vimeshikana kama jiwe. Alivigonga mezani, havikuachana. Alivishika vya kwake, na kidole chake kikanata.

Alivigeuza akavitazama upande wa pili, labda huko ni pagumu. Palikuwa laini. Aligusa ufunguo shingoni; ulikuwapo. Hakuna aliyefungua, hakuna aliyeingia, hakuna mkono mwingine wa kuusingizia. Alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, na kwa mara ya kwanza alimfikiria Mzee Zinck akigeuka pale gatini huku watoto wakicheka. Akalia.

Baba yake alivuta kiti. "Uliongeza dawa."

"Mjomba Curtis huongeza. Puti inakauka upesi."

"Ile ni puti ya magari. Hii kila kipimo cha dawa kina gundi yake ya kushikana nayo. Dawa ikizidi hukosa mwenzake, inabaki majimaji."

"Ulijua jana?"

"Nilihisi. Ningekuambia, ungesema ninamtetea mzee."

Baba alikuwa sahihi, maana Corinna angesema hivyo hasa.

Jioni ile Corinna alipita kwenye pengo la ua. Mzee Zinck alikuwa kibarazani akimenya viazi. Corinna alimwambia yote bila kuzungusha maneno: kwamba gundi aliiharibu mwenyewe, kwamba alimsingizia, na kwamba anaomba radhi. Mzee aliendelea kumenya mpaka kiazi kikaisha.

"Hilo ungio utalifanya nini?"

"Tutalikwangua lote, tuanze upya."

"Litakwanguka?"

"Litakwanguka, Mzee. Ni kazi tu."

"Sawa. Na yale maneno uliyoyasema gatini, utayakwangua na nini?"

Corinna aliokota ganda la kiazi lililoanguka. Mzee hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwambia kwamba yeye amemsamehe, lakini msamaha wake hauendi dukani kumsemea. Alipopita na uwongo, apite na kweli, kwa miguu yake mwenyewe.

Kwa hiyo Ijumaa, badala ya kwenda bandani, Corinna alikwenda gatini. Alisimama palepale, akawaambia wavuvi na watoto kwamba Mzee Zinck hakuharibu kitu na kwamba mharibifu ni yeye. Yule kijana mwenye utani alimwuliza kama ataitoboa ya kwake mwenyewe siku ya mashindano. Watu wakacheka, safari hii wakimcheka yeye, naye akavumilia. Alikwenda dukani, kisha nyumba moja baada ya nyingine. Kwa Nadine alikaa zaidi, kwa sababu huko palikuwa na deni la urafiki pia. Nyumba nyingine walimpokea vizuri, nyingine walimsikiliza mlangoni. Alirudi nyumbani amechoka kuliko siku yoyote ya kupiga msasa.

Kukwangua kuliwachukua mwisho wa juma wote. Baba na binti walivaa glavu na barakoa, maana gundi ile mbichi huwasha ngozi na vumbi lake si la kuvuta. Mchana wa Jumapili Mzee Zinck alitokea mlangoni, akauliza kama sanduku la viazi linahitaji mtu wa kushika taa. Walimpa glavu. Corinna alipochanganya gundi mpya, alisoma kibandiko kwa sauti, akapima, akampa mzee ahakikishe. Mzee alihakikisha bila miwani, yaani hakuona kitu, lakini aliitikia kwa kichwa kwa heshima zote.

"Kuna jambo moja," alisema mzee wakisubiri gundi ishike. "Hukukosea kushuku. Kitu kikiharibika, lazima utafute sababu. Lakini ulianza kutafutia kwangu, ukazunguka kijiji kizima, na mikono yako ukaja kuitazama mwisho. Siku nyingine anza nayo. Iko karibu, tena kuitazama hakumkosei mtu."

"Na ukishamshuku mtu," Lloyd aliongeza, "muulize yeye kwanza kabla hujawaambia watu wa duka na gati."

Jumamosi ya mwisho ya Juni upepo ulikuwa wa wastani. Mkaguzi alibonyeza ungio la kulia, akabonyeza la kushoto, akalirudia la kushoto kwa nguvu zaidi. Habari za ghuba zilikuwa zimemfikia na yeye.

"Hili nani amelijaza?" aliuliza.

"Mimi," alijibu Corinna. "La kwanza liliharibika kwa kosa langu. Hili ni la pili."

Mkaguzi alimtazama kidogo, akapiga muhuri wake kwenye ubao wa nyuma. Corinna alimaliza wa nne, nyuma ya mjukuu wa Mzee Zinck aliyemaliza wa pili, na mashua haikuingiza hata tone. Aliposhuka ufukweni, mwenye duka alikuwa akigawa supu ya samaki. Bakuli la kwanza alikuwa amempa Mzee Zinck, na alikuwa amesimama mbele yake akimwuliza hali, kwa kirefu, kama inavyopaswa.