Kinyooshi cha Redio Asali

Saa mbili kamili asubuhi mtangazaji wa Redio Asali alipiga chafya tatu katikati ya taarifa ya habari, na mji mzima wa Tabora haukusikia hata moja. Kinyooshi kilizidaka. Kabla chafya haijatoka puani mtambo ulikwisha kujua kwamba inakuja, ukaifuta, na pengo lake likajazwa neno lililokusudiwa, kwa sauti ile ile ya mtangazaji, laini kama uji wa mgonjwa.

Huo ulikuwa mwaka 2091. Aliyeuendesha mtambo huo ni Hamdani Kasele, fundi wa miaka arobaini na miwili, hodari sana na mwenye majivuno kidogo, tuseme ukweli. Mbele yake palikuwa na kichanganyio, meza pana ya kioo ambamo kila maiki ilikuwa na njia yake, na kila njia ilikuwa na kitelezi: ukikisukuma juu sauti inapanda, ukikivuta chini inafifia. Juu ya kila kitelezi kuna kitufe cha buluu. Hicho ndicho cha kinyooshi. Mwenye kuzungumza hajui kama kimewashwa, maana hedifoni zake humrudishia sauti yake ghafi. Sauti iliyonyooshwa huisikia walio nje tu.

Mafundi wa pale walikuwa na ada moja, hakuna aliyeiandika popote: kwenye tanzia, kinyooshi hulazwa, hakiwashwi. Pale msiba hausomwi na mtangazaji, husomwa na mfiwa mwenyewe, naye akitaka kulia, aachwe alie. Hamdani aliijua ada hiyo tangu siku yake ya kwanza kazini. Asije mtu akamtetea kwamba hakujua.

Jumanne moja, saa tatu, akaingia Bi. Nyamizi. Mumewe, mzee Sadala, alikuwa amefariki alfajiri, na mazishi yalipangwa saa kumi alasiri. Mwanawe wa pekee, Swedi, alikuwa Singida kwenye mashamba ya jua, akichunga roboti wanaofuta vumbi kwenye vioo vya umeme wa jua. Kule simu ni marufuku, mawimbi yake huwachanganya roboti. Ofisi ya kambi nayo ilikwisha kukataa kupokea habari za misiba, tangu matapeli walipoanza kuigiza sauti za wazazi ili kuwatoa vijana nje ya geti na kuwaibia. Iliyobaki ni redio. Swedi akiisikia, akipanda treni ya saa saba, angewahi kumzika baba yake.

"F-f-fundi, S-Swedi a-atanisikia?" aliuliza Bi. Nyamizi, akivaa hedifoni juu ya kanga.

"Atakusikia, mama. Wewe zungumza taratibu tu."

Kigugumizi kile alizaliwa nacho. Siku nyingine Hamdani angemwacha akwame na kukwamuka mpaka amalize. Lakini siku hiyo, lo! Nyuma ya kioo walisimama wakaguzi watatu kutoka Dar es Salaam, waliokuja kuchagua kituo kitakachorushwa nchi nzima. Bi. Nyamizi akaanza: "S-s-swedi, m-m-mwa..." Mkaguzi mmoja akatazama saa. Mwingine akauma midomo kuzuia kicheko. Hamdani alimwonea aibu mama wa watu, mjane wa saa chache tu. Akabonyeza kitufe cha buluu.

Kwenye spika ikatoka sauti ya mama mtulivu: "Swedi mwanangu, baba yako ametutoka. Tunazika saa kumi. Njoo." Wakaguzi wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Swedi hakuja. Udongo wa kwanza ulitiwa na mpwa wa marehemu, na majirani wakaanza maneno yao, watu hawakosi la kusema. Hamdani alipozisikia habari hizo alijiambia kwamba labda kijana alichelewa treni. Alijua anajidanganya.

Siku ya nne, asubuhi, baada ya msafiri mmoja kumfikishia habari, Swedi aliingia studio na vumbi lake la Singida, mama yake nyuma. Hawakuwa wakisemezana.

"Kaka, ile tanzia ya mama mnayo?" aliuliza Swedi. "Iweke asikie. Nimemwapia mpaka nimechoka. Mimi nilimsikia mwanamke anajiita mama yangu, hakukwama hata mara moja! Nikawaambia wenzangu, hao ni matapeli. Tukacheka. Nilicheka, kaka. Baba yangu anaoshwa, mimi nacheka!"

"Mw-mw-mwongo," alisema Bi. Nyamizi bila kumtazama. "Ni-nilisema kwa ki-ki-kinywa changu."

Sasa msikilizaji, kichanganyio huhifadhi sauti zote mbili, ghafi na nyoofu. Hamdani angeweza kuweka ile ghafi. Swedi angeonekana mwongo aliyemtelekeza baba yake, na fundi angebaki fundi. Kidole chake kilikwenda kwenye ile ghafi, nacho kikakaa pale muda mrefu kuliko inavyosameheka.

Akakiondoa. Akaweka ile nyoofu.

Bi. Nyamizi alisikiliza ameinamisha kichwa. Alisikia sauti yake ikisema maneno yake, bila kukwama popote, kama ambavyo hakuwahi kusema maishani. Ilipokwisha aliutafuta mkono wa mwanawe, akaushika, akaupapasa.

"Ni mimi niliyeinyoosha sauti yako, mama," alisema Hamdani. "Swedi hana kosa. Niliona aibu mbele ya wageni."

Hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Swedi aligeukia ukuta. Mama akamtazama fundi bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa.

"Na wa-wa-wageni wako," aliuliza, "wa-walipenda?"

Redio Asali ilikuwa imechaguliwa. Barua ilikuwa imebandikwa mlangoni pale pale.

"Walipenda, mama," alisema Hamdani, na macho yake hakuweza kuyainua.