Kompyuta ya Marehemu Américo

Alfajiri ya kuitoa roho ya marehemu Américo Rentería, taa zote za nyumba yake zilizimwa, lakini chini ya mlango wa chumba cha nyuma ulibaki uzi wa mwanga wa buluu. Binti yake Yasney aliuona, akauacha.

Si kwamba hakujua. Hakuna mtu hapa mjini kwetu Quibdó asiyejua. Siku tisa za matanga marehemu bado yumo ndani na watu wake, anaimbiwa, anaombewa, na wanaokesha usiku wanamtengea kiti kwenye meza ya domino. Siku ya mwisho, kabla hakujapambazuka, madhabahu ya vitambaa vyeupe sebuleni inavunjwa, mishumaa inazimwa, mlango wa mbele unaachwa wazi na watu wanajibana ukutani ili apite aende zake. Giza lazima liwe giza kweli. Yasney alilelewa na hayo kama sisi wote.

Ila alikuwa na sababu yake. Américo alikuwa mtangazaji wa redio ndogo ya mtaani, na sauti yake yote, salamu za asubuhi, matangazo ya vifo, utani wake na wauza ndizi, ilikuwa ndani ya kompyuta moja iliyozeeka vibaya. Ukiiwasha, unaweza kumenya ndizi, kuzikaanga na kuzila kabla haijakuonyesha kitu. Yasney aliogopa itakufa na sauti zote. Akamwita Wílmar, fundi mwenye kibanda karibu na soko, kijana anayeongea kuliko redio zote alizowahi kutengeneza.

"Imejaa virusi tu hii," Wílmar alimwambia. "Mzee alikuwa anabofya kila kitu kinachong'aa. Nimeiwekea programu ya kusafisha, iache ifanye kazi. Lakini usiizime katikati, dada. Ukiizima, sauti za mzee usije ukaniulizia mimi."

Basi alfajiri ile usafishaji ulikuwa haujaisha. Yasney alitupia kioo cha kompyuta kitambaa cha meza, akafunga mlango wa chumba, akaenda kujibana ukutani na wenzake. Alijiambia mwanga uliofunikwa si mwanga.

Kulipokucha, kompyuta iliandika kwamba hakuna kirusi hata kimoja. Lakini ilikuwa nzito kuliko mwanzo. Na chumba kilinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi, ile harufu ya utambi na moshi, ingawa mshumaa haukuwahi kuingia mle. Yasney alifungua dirisha. Harufu ilibaki palepale.

Kisha ikafuata feni ya ndani ya mashine. Feni ya kompyuta huvuma mfululizo, kila mtu anajua. Hii ilivuma, ikatulia, ikavuma, ikatulia, taratibu, na mtu akikanyaga kizingiti ilinyamaza kabisa mpaka atoke.

Mama yake hakulalamika. Zunilda, mjane, alikuwa mwimbaji wa misibani anayejulikana juu na chini ya mto Atrato; watu walikuwa wakisema kwa mzaha kwamba Zunilda akikuimbia, hata kufa kuna raha yake. Sasa alijifungia mle kila alasiri, mvua ikipiga bati, akisikiliza rekodi za mumewe. Yasney alimwonea huruma na kumwacha. Siku moja alimpelekea kikombe cha maji moto ya sukari guru, na alipofika mlangoni akasikia sauti ya baba yake ikisema, kwa furaha yake ileile ya redioni, "Habari za asubuhi, wasikilizaji wapenzi," kisha, polepole, kana kwamba inaokota neno moja moja, "Zunilda. Sogea. Karibu."

"Nipo hapa hapa," mama yake akajibu.

Yasney aliweka kikombe chini mlangoni. Rekodi zote alizijua. Hiyo haikuwemo.

Wílmar alirudi kesho yake mchana, akakaa, akavunja vidole vikalia, akaanza utani wake. Akafungua orodha ya programu zinazofanya kazi. Utani ukakatika.

"Hii nini?" alinong'ona.

"Nini?"

"Hii hapa. Haina jina. Angalia, inakula kila kitu, ndiyo maana mashine haitembei." Akaifunga. Ikarudi. Akaifunga tena, ikarudi kubwa zaidi. Akachomoa waya wa intaneti, na haikujali. "Dada, rekodi za mzee zilikuwa folda ngapi?"

"Nyingi. Zilijaa kioo kizima."

"Zimebaki mbili."

Wakatazama pamoja, mvua ikishuka nje na feni ikivuta pumzi, na mbele ya macho yao moja ikafifia ikatoweka, na programu isiyo na jina ikanenepa kwa kiasi kilekile, na juu ya kioo kitaa kidogo cha maikrofoni, ambacho hakuna aliyekigusa, kikawaka na kubaki kinawaka.

"Inasikiliza," Wílmar alisema. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Ikimaliza za mzee, itataka nyingine. Dawa ni moja, tufute diski yote."

"Ukimfuta yeye umenifuta na mimi."

Zunilda alikuwa mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama mtu aliyeamka na mafua, na Yasney akatambua kwamba imekuwa hivyo kwa siku kadhaa na yeye hakuitilia maanani.

"Mama, unaumwa koo?"

"Naongea na mume wangu. Mtu akiongea sana hukauka."

Wílmar hakungoja ruhusa. Alifungua ubavu wa mashine, akaing'oa diski na kuiweka mezani, kipande cha chuma kilicho baridi, na kompyuta isiyo na diski ingepaswa kuwa sanduku tupu, hilo hata mwanafunzi wa siku ya kwanza analijua, lakini kioo hakikuzimika, na feni ilivuta pumzi ndefu, na kutoka kwenye spika sauti ya Américo, yenye mkwaruzo wa Zunilda ndani yake, ikasema, "Wílmar. Rudisha ubavu wangu."

Aliurudisha. Na diski aliirudisha, akatoka kwenye mvua akiacha bisibisi zake zote.

Jumapili kulikuwa na msiba wa jirani. Zunilda alisimama mbele ya jeneza, akapanua kifua na kufungua kinywa, na kilichotoka ni hewa. Waimbaji wenzake waliupokea wimbo haraka ili asiaibike. Yasney alilia pale pale mbele za watu. Alijua sasa kinacholiwa ni nini, na kwamba kikiisha, mama yake atakuwa gamba tu.

Alikwenda kwa Bibi Heriberta, kiongozi wa waimbaji, aliyekuwa barazani akivuta sigara kwa mtindo wa akina mama wa zamani, moto umeingia ndani ya mdomo.

"Mliacha mwanga," bibi alisema kabla hajaulizwa.

"Kompyuta, bibi. Niliifunika."

"Ukafunika." Alitoa sigara mdomoni. "Na ukija kupika kwangu nitakuambia ufunike moto kwa kitambaa cha meza, tuone. Sasa nisikilize, na usilie. Baba yako alitoka. Alinipita hapa begani, ananukia sabuni yake ya kunyolea. Yeye yuko salama."

"Basi mle ndani kuna nani?"

"Mlango ulikuwa wazi, ndani kuna mwanga. Mto huu umechukua watu wengi ambao hawakupata kuimbiwa, mwanangu. Wapo waliokaa gizani mpaka wamesahau kwamba walikuwa watu, na hao ndio majini wabaya kuliko wote. Mmoja aliona mwanga, akaingia. Hana sauti yake. Ndiyo maana anakula za wenzake."

"Tufanyeje?"

"Tunarudia alfajiri ile, giza likiwa giza. Lakini mwenye nyumba lazima amkatae. Mama yako akimtaka, hata nikiimba mpaka meno yaanguke hatoki."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Jioni ile Yasney alipiga magoti kando ya kiti cha mama yake, ndani ya ile harufu ya utambi.

"Ananiita," Zunilda alinong'ona. Hakuwa na zaidi ya mnong'ono. "Kila siku ananiita. Wewe huna mume, hujui."

"Anakuitaje?"

"Jina langu."

"Baba hakukuita Zunilda hata siku moja, mama. Wala redioni hakuwahi kulitaja lile alilokuwa anakuita humu ndani."

Mama yake akageukia kioo. "Américo," akasema, "niite vile unavyoniita."

Feni ilisimama. Mvua nayo ilionekana kushusha sauti.

"Zunilda," ikasema mashine.

"Sio hilo. Lile la jikoni."

Ndani ya mashine kikasikika kitu kikipekua, mlio mdogo wa kukwaruza, haraka haraka, kama panya ndani ya gunia la mahindi, kikitafuta katika sauti zote kilizokula, katika salamu na matangazo ya vifo na utani wa ndizi, na hakikupata, kwa sababu jina lile Américo alilitamka kwa mkewe tu. Kisha likaja jibu, kwa sauti ya baba, ya mama na ya kitu cha tatu kilicholowa maji, "Niambie. Nitalisema."

Zunilda aliinuka. "Toka," alisema kwa uzi wa mwisho wa sauti yake, na baada ya hapo midomo ilicheza bila kitu.

Watu wa matanga walirudi wote kesho yake kabla ya mapambazuko. Madhabahu nyeupe ikasimamishwa upya. Simu zilizimwa na kuachwa kwa jirani, friji ikachomolewa. Wílmar alikuja pia, kwa aibu, bila utani, akashusha swichi kuu ya nyumba. Kioo cha kompyuta kikabaki kinawaka.

Bibi Heriberta akaanza wimbo, na wanawake wakaitikia, na mishumaa ikazimwa mmoja mmoja, na kadiri walivyoimba ndivyo mwanga wa buluu ulivyosinyaa katikati ya kioo, ukawa kama sahani, kama sarafu, kama tundu la sindano, na mashine ikakoroma na kunuka moshi, na walipofika kwenye ubeti wa kumwambia marehemu njia ni nyeupe, nukta ile ikazimika na nyumba ikawa nyeusi kabisa, na Yasney, mgongo ukutani, mikono ikiwa imemkumbatia mama yake, alihisi hata pumzi za watu zimesimama.

Ndipo sauti ya Zunilda ikapanda.

Ilikuwa nzima, pana, tamu, sauti ileile iliyozika nusu ya mji. Wanawake walilipuka kwa kilio cha furaha. Mtu alisema, "Amerudishiwa, Mungu wangu, amerudishiwa." Wílmar alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Yasney akamkaza mama yake kifuani na kuweka kiganja shavuni pake, apapase ule uso ukiimba.

Midomo ilikuwa imefungwa. Koo halikutikisika. Machozi yalikuwa yakishuka juu ya kiganja chake, na mama yake alitikisa kichwa mara moja, kukataa.

Sauti ilikuwa imeshatoka chumba cha nyuma. Ilipita katikati ya watu waliojibana ukutani, ikiimba ubeti kwa ubeti bila kukosea, ikaacha ubaridi wa matope ya mto kwenye miguu yao, ikafika mlangoni. Kilio cha furaha kilikufa mdomo kwa mdomo, kila mmoja alipoelewa.

"Msiwashe kitu," Bibi Heriberta alisema kwa sauti ndogo. "Mwacheni apite."

Ikashuka kuelekea mtoni, ikiimba. Zunilda aligeuza uso kuufuata wimbo wake mpaka mvua ikaumeza.