Mpenzi Aliyemwita Dada

— Chukua na kioo.

— Kioo pia? Laurentine, na kule Hoima utajitazama ndani ya nini?

— Chukua tu, Aimée. Vioo viko kila pahali.

Aimée alikipokea kile kioo kikubwa cha saluni, akakiegemeza ukutani, kisha akashika kiuno na kumkodolea macho rafiki yake. Walikuwa ndani ya kibanda chao cha kusukia nywele, nyuma ya soko la Kasese, bati limechemka kwa jua hata mafuta ya nywele yanayeyuka kwenye kopo. Kesho yake Laurentine alikuwa anahama. Kibanda chote alimwachia Aimée, viti, vitana, na wateja wenye midomo.

— Weye hauko sawa, Aimée akasema. Umekaa huu muji myaka kumi. Jana mama wa samaki amekukumbatia mpaka kilemba kikaanguka, weye unasema "asante, mama, Mungu akubariki" sawa mutu anasoma tangazo ku kanisa.

— Ulitaka niseme nini?

— Useme inakuuma!

— Haiumi.

Na wala hakuwa anajikaza. Haikuuma kweli. Wiki nzima Laurentine alikuwa akizunguka mji kuaga. Aliaga kwaya. Alimuaga mwenye nyumba. Alikwenda hadi Kilembe kumuaga bibi mmoja aliyempa kitanda siku za mwanzo, akakaa kando ya mto Nyamwamba kungoja moyo ushtuke kidogo. Moyo haukushtuka. Ulikuwa na ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, unaugusa unajua ni wako lakini haukujibu.

Ganzi yenyewe ilikuwa na mwenyewe, na jina lake ni Thembo.

Thembo alikuwa dereva wa lori la kahawa, Bwera kwenda Kasese, Kasese kurudi Bwera. Kijana mrefu, mcheshi, mtu wa kukuletea parachichi moja na hadithi saba. Walipendana miaka mitatu. Mji mzima ulijua, hata wale mapolisi wa kizuizi cha barabarani walikuwa wakimtania Laurentine: "Shemeji, dereva wako amepita." Kilichobaki ilikuwa wazee kukaa kupanga ndoa.

Halafu siku moja, miezi minne iliyopita, Thembo alimkalisha kwenye benchi la duka la soda, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya msibani:

— Laurentine, wazee ilikataa.

— Ilikataa nini?

— Wewe ni Muswaga. Na sisi nyumbani ni Baswaga. Wewe ni dada yangu.

Hapo niwafafanulie kidogo, msije mkaniacha njiani. Wakonzo wa upande huu wa Uganda na Wanande wa kule Kongo ni watu wamoja waliokatwa na mto wa mpakani. Na kwao, kulala na mtu wa ukoo wako ni laana. Si jambo la kupigiwa faini na kusameheana, ni laana inayofuata mpaka watoto. Sasa mtihani ni kwamba majina yao hayakwambii ukoo. Ukisikia Thembo, unajua tu ni mvulana wa tano kwa mama yake, basi. Ukoo unaulizwa kwa wazee. Na Laurentine, aliyevuka kutoka Butembo akiwa msichana, pamoja na shangazi ambaye baadaye alifariki, hakuwa na mzee hata mmoja wa kumuuliza upande huu. Ukoo wake mwenyewe Laurentine alimtajia Thembo zamani, siku za mwanzo za mapenzi, wakichambua maharage na kucheka; wa Thembo hakuwahi kuuliza.

Akaamini. Angeachaje kuamini?

Alichoma picha. Alibadilisha godoro. Alikwenda kuungama, na hata baada ya padri kumwambia aende kwa amani, hakuthubutu kupokea komunio, kwa sababu kila alipofumba macho alimwona kaka yake. Miaka mitatu ya raha ikageuka miaka mitatu ya uchafu. Ndipo alipokata shauri kuhama, aende mahali ambapo hakuna anayejua alikuwa mpenzi wa nani.

— Na mama Yudesi? Aimée akauliza, akiifunga mikanda ya sanduku. Hautamuaga?

Yudesi alikuwa mama yake Thembo, mjane wa Bwera. Ndiye mama pekee aliyekuwa amempata upande huu wa mto.

— Namuonea haya.

— Haya gani? Alikulisha. Hauwezi kuondoka sawa mwizi. Panda gari saa hii, jioni utakuwa umerudi.

Akapanda. Muhokya ikapita, Kisinga ikapita, wanawake wa nyanya kando ya barabara wakapita, na yeye anatazama tu kama picha ukutani. Bwera alishuka akafuata njia ya migomba, akamkuta mama Yudesi uani, kahawa imetandazwa juu ya turubai, anaigeuza kwa reki.

— Wasibire, mama.

Mama hakuinua kichwa.

— Wasibire. Bwana yako iko wapi? Umemuacha ku mupaka?

— Bwana gani, mama?

— Si ule wa Butembo! Ule ulienda kuolewa naye. Ao amekufukuza tayari?

Laurentine alihisi anasikiliza mazungumzo ya watu wengine.

— Mama, miye sina bwana. Sijaenda Butembo. Niko Kasese miezi yote hii. Nimekuja kukuaga, kesho naenda Hoima.

— Usinichezee. Thembo alikuja hapa, akakaa pale ku kiti, akalia. "Mama, ule Mukongomani amepata mutu wa kwao, amekwenda." Nilikupikia obundu na mukono yangu, Laurentine. Nilikuita mutoto. Hata kwaheri ulinikatalia!

— Niliogopa kuja, mama. Unajua mwenyewe. Kwa ajili ya ile kitu ya ukoo.

— Kitu gani ya ukoo?

— Si ya sisi kuwa Baswaga wote. Vile wazee walikataa.

Reki ikasimama. Mama Yudesi akajinyoosha taratibu, mkono mgongoni.

— Nani hapa Muswaga?

— Nyinyi. Marehemu baba. Thembo.

— Laurentine, niangalie. Bwana yangu alikuwa Muhira. Baba yake Muhira. Batoto yangu yote niliyozaa, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, ni Bahira. Uliza jirani. Uliza mutu yeyote njiani. Na wazee gani walikaa? Miye nilikuwa nangojea nyinyi mwaka mzima mulete hayo maneno!

Kuku alipita juu ya kahawa na hakuna aliyemfukuza.

— Mama, Laurentine akasema, naomba maji.

Akanywa kikombe kizima amesimama. Alingoja hasira ije. Haikuja. Alichokuwa anafikiria ni lile godoro, vile alivyolikokota peke yake mpaka barabarani na kumpa mwanamke asiyemjua.

Mama Yudesi alikuwa ameshatoa simu kwenye kanga. Akabonyeza, akaweka sauti ya nje, akamwonyesha Laurentine kidole mdomoni.

— Haloo, mama yangu! Kahawa imekauka?

— Inakauka. Thembo, mutoto, yule Laurentine unajua habari yake?

— Ah, mama! Hiyo maneno si tuliacha? Yule iko kwa bwana yake Butembo. Nasikia hata tumbo iko nayo.

— Tumbo tena!

— Eh, ndiyo vile nasikia. Mama, usijisumbue na yule. Mimi nitakuletea mtu mzuri, utafurahi. Anaitwa Babirye, mtoto wa afande kule barracks.

— Na huyo Babirye ni wa ukoo gani?

— Huyo ni Muganda, mama! Mambo ya ukoo iko wapi tena?

Mama Yudesi akamsogezea Laurentine simu. Laurentine aliitazama kidogo, kisha akasema kwa sauti ileile ya tangazo la kanisani:

— Habari ya siku nyingi, kaka yangu.

Kisha simu ikakatika.

Mama Yudesi alikaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga, na yeye ndiye aliyelia. Laurentine akamshika bega, akamfariji, kana kwamba aliyefanyiwa mambo ni mama. Mama alipomsindikiza njiani alimwambia neno moja tu:

— Ulikuwa safi, mutoto yangu. Ulikuwa safi siku zote.

Kabla hajafika Kasese ujumbe ulikuwa umejaa kwenye simu.

"Laurentine pliz pokea simu."

"Siyo vile unafikiria. Nitakuelezea yote."

"Mama amenilaani. Amesema nisikanyage kwake bila wewe. Nakuomba."

Hakujibu hata mmoja. Alimkuta Aimée anafagia, akamsimulia yote. Aimée akatupa ufagio.

— Basi hauendi! Tunafungua sanduku. Ulikuwa unaenda sababu ya uongo, uongo imekwisha, unabaki!

— Sijui, Aimée. Wacha nilale.

Asubuhi Thembo aliwatangulia stendi ya basi. Alivaa shati la bluu ambalo Laurentine alimnunulia Pasaka, maana wanaume wa namna hii hawakosi kumbukumbu wakiwa na shida. Alipowaona akaja mbio.

— Laurentine, dakika moja tu. Aimée, tuache kidogo.

— Sitoki hapa hata ukiita jeshi, Aimée akajibu, akakalia sanduku.

— Sema, Thembo, Laurentine akamwambia. Basi iko karibu.

Thembo akasogea karibu zaidi.

— Ilikuwa Babirye. Nilimpata, nikachanganyikiwa. Sikujua nitakuambia namna gani.

— Ungesema: Laurentine, nimepata mwingine.

— Ungelia! Ungenichukia. Mimi sikutaka unichukie. Nikakumbuka ulishaniambia uko Muswaga, nikaona hiyo ndiyo njia nzuri. Mtu hana kosa. Si wewe, si mimi. Ni mila tu. Tunaachana na heshima.

Alisema hivyo kwa unyofu, maskini, kama mtu anayeeleza jinsi alivyokuwa mwema.

— Thembo, ile miezi minne uliona namchukia nani?

— Hakuna mtu. Hata ukinikuta njiani ulikuwa unainamisha macho tu.

— Nilijichukia miye. Kila siku. Nilikuwa namuogopa Mungu sababu yako. Kanisani nilikuwa nakaa nyuma ku mulango, nikifikiri mwili yangu inanuka dhambi. Ungeniambia una Babirye ningelia wiki moja, ningekutukana, nikamaliza. Weye ulinipa laana, halafu ukaenda kula chakula.

Hapo Thembo akapiga magoti, pale pale kwenye vumbi la stendi, mbele ya wauza mayai. Watu wakaanza kusogea.

— Nisamehe. Babirye namuacha leo. Jumapili naleta wazee, wazee ya kweli, mama mwenyewe atakuja. Bahira na Baswaga wanaoana tangu zamani. Nakuoa, Laurentine.

— Muoe, dada! mwuza mayai mmoja akachombeza. Analia huyo!

— Na Babirye utamuambiaje? Laurentine akauliza. Muganda utamutafutia ukoo gani?

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko bila hata kujua kisa. Thembo hakucheka. Utingo wa basi akapiga bati, Hoima, Hoima, tunatoka.

Aimée akanyanyuka kutoka kwenye sanduku. Macho yake yalikuwa yanauliza.

— Naenda, Laurentine akamwambia.

— Lakini sababu ya kuenda imekwisha!

— Ndiyo. Jana ningeenda nikikimbia. Leo naenda sababu Rusi, mwenye saluni kule Hoima, amenitengea kiti ya kusuka na miye nataka kazi. Utakuja kunitembelea, na miye nitakuja kwa mama Yudesi wakati wa kahawa. Nitapita hapa mchana, kichwa juu.

Wakakumbatiana. Kilemba cha Aimée kikaanguka, hakukiokota.

Laurentine alipata kiti cha dirishani. Pembeni yake alikaa mama mmoja mnene wa Fort Portal, mwenye kikapu cha maembe na macho ya kupenda habari. Nje, Thembo alikuwa amesimama na vumbi magotini, kiganja amekibandika kwenye kioo, midomo inasema kitu kisichosikika.

— Pole, mama wa kikapu akasema. Huyo ni bwana yako?

— Hapana.

— Oh. Ni kaka yako basi, anakusindikiza?

Laurentine akamtazama Thembo, uso, shati, mkono ule kwenye kioo. Kitu kikaanza kumchoma kifuani, kidogo kidogo, kama damu inavyorudi mguuni.

— Hapana, mama, akasema. Wala kaka yangu si yeye.

Basi likatoka. Stendi ikabaki nyuma, likafuata soko, bati la kibanda chao, njia ya kanisani, na ule mlima uliokaa juu ya mji wote. Sasa viliuma, kimoja kimoja. Laurentine akageukia dirisha akaanza kuviaga upya.