Alama Kumi kwa Picha ya Saba

Waliopigwa picha walikuwa kumi na mmoja, lakini picha zilizotoka zilikuwa kumi na mbili. Daktari Shukri alizihesabu mara mbili, akamuuliza msaidizi wake, Mishi, hii moja ni ya nani. Mishi akasema alidhani daktari ndiye aliyeipiga. Daktari naye alidhani ni Mishi. Basi kwa kuwa ilikaa ya saba katika bunda, ikaandikwa namba saba na kazi ikaendelea. Ndivyo tulivyo, bwana. Kitu kisicho na mwenyewe tunakipa namba, tunakisogeza mbele.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Shukri ana kliniki ya meno hapa Malindi, na alitaka kujua kama tabasamu analoliona zuri daktari wa meno ndilo hilo hilo analoliona zuri mtu wa kawaida. Akapiga picha vinywa vya watu, kuanzia chini ya pua hadi kidevuni, sura zisijulikane. Madaktari wenzake wangezipa alama sifuri mpaka kumi, na watu wa mtaani vilevile.

Watu wa mtaani walimtaabisha. "Alama za nini, binti yangu? Mimi nasahihisha mitihani?" Basi Shukri, kwa akili zake nyingi, akaongeza swali moja chini ya fomu, swali ambalo mzee yeyote wa hapa angelijibu bila kukuna kichwa: Ungemwoza binti yako kwa mwenye kinywa hiki? Hapo kalamu zikatembea! Baba yake mwenyewe, Mzee Aboud, alijaza barazani pake baada ya alasiri, pamoja na jirani zake Seif na Twahir. Picha ya saba aliipa kumi, chini akaandika ndiyo, akatia sahihi. Fomu zilikuwa zimekwisha, kwa hivyo Seif na Twahir, waliokubaliana naye, wakatia sahihi zao papo hapo chini ya yake.

Zilipokusanywa fomu zote, Shukri akashangaa. Watu sitini wa mtaani, na wote sitini wameipa picha ya saba alama kumi. Malindi hii hii, ambayo watu wawili hawakubaliani juu ya chumvi ya pilau!

Kesho yake akapigiwa simu na Daktari Kitsao kutoka Kilifi.

"Shukri, hii ya saba umeichezea kwa kompyuta?"

"Kwa nini?"

"Hujaiangalia?"

"Nimeiona. Meno meupe, yamepangika."

"Umeiona kama wanavyoona wao. Hebu ihesabu kama daktari."

Akaihesabu. Mtu ana meno ya mbele ya kukatia, kisha chonge, kisha magego ya kusagia, na mtoto wa mwaka wa kwanza chuoni anayajua hayo. Kinywa kile kilikuwa na meno ya mbele peke yake. Hapana chonge, hapana gego, ni meno ya mbele matupu yaliyojipanga kwenda nyuma mpaka yakapotelea gizani, mapana, sawa kwa sawa, na ufizi hauonekani unaishia wapi. Shukri akaifunika picha kifudifudi. Madaktari wote sita walikuwa wameipa sifuri.

Tangu siku hiyo Shukri akawa mtu wa kutazama watu vinywa. Muuza mkate akimchekea, anamhesabia. Wanaume wakitoka msikitini wakisalimiana, anasimama upande wa pili wa njia, anatafuta. Alimshuku Mishi kwamba anaficha jambo, akamshuku na Kitsao. Kwa maana kinywa kile kilikuwa cha mtu, na mtu huyo aliwahi kukaa kwenye kiti chake akafungua mdomo, na yeye hamkumbuki.

Mahali pekee ambapo hakutazama ni nyumbani.

Nyumbani kuna Sahla, mdogo wake, wa miaka ishirini na minne, kwa mama mmoja baba mmoja. Sahla aliumbwa na macho ya kupendeza, na meno yaliyopandiana. Wachumba wawili walileta wazee wao, wakanywa kahawa, wakaaga, hawakurudi. Akazoea kucheka nyuma ya ncha ya mtandio. Alimsihi dadake amrekebishe, na kila mara Shukri humwangalia kwa kioo chake kidogo na kumwambia, "Meno yako mazima, Sahla. Hayana ugonjwa." Akaona amemjibu. Madaktari bwana!

Ijumaa moja wakiwa kwenye sinia ya chakula cha mchana, Sahla akacheka na mtandio uko mabegani.

"Mashallah," akasema Mzee Aboud. "Mwanangu, siku hizi umeng'ara. Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu, baba."

Shukri akainua macho. Meno yaliyopandiana yalikuwa yamenyooka. Na chonge zote mbili za juu hazikuwapo. Mahali pake palikuwa na meno mawili ya mbele, mapana, mapya. Akalirudisha tonge kwenye sinia.

"Sahla, fungua mdomo."

"Ebo! Hapa kliniki?" Akafunga mdomo, akaenda kunawa.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na harufu. Juu juu ilikuwa ya udi, na Mzee Aboud akaisifu. Lakini Shukri aliitambua iliyokuwa chini yake, harufu ya jino linapochimbwa kwa mashine, ile ya mfupa unaoungua, na nyumbani hapakuwa na mashine. Mchana, watu wanapojinyoosha kwa usingizi, alimsikia Sahla chumbani akizungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza kama anayesikiliza, akicheka, na katikati ya kicheko hicho ukawa unasikika mgongano mdogo wa meno, tki, tki, tki, wa mtu anayehesabu, na Shukri akiwa amebandika sikio mlangoni alihesabu naye bila kutaka, na hesabu ikapita thelathini na mbili, ambayo ndiyo idadi ya meno ya mtu mzima aliyekamilika, ikapita arubaini, ikaendelea. Aliposukuma mlango, Sahla alikuwa peke yake kitandani, anasuka nywele.

Akamchukua baba yake wakaenda Mambrui kwa Maalim Swafwan, anayesomea watu. Waliposimulia yote, Maalim hakutaka kuiona picha. Alitaka kuiona fomu ya mzee. Akaisoma polepole, akaivua miwani.

"Mzee Aboud, hii sahihi yako?"

"Yangu."

"Na hawa wawili?"

"Jirani zangu. Lakini Maalim, ilikuwa karatasi ya utafiti tu, wallahi!"

"Kwetu si nikaha," Maalim akasema kwa kunong'ona, kama kwamba kuna mtu chumba cha pili. "Lakini yeye mwenye kinywa hicho anaishikilia hii. Walii wa binti amekubali kwa hati, mashahidi wawili wamo. Na mahari ameshaanza kutoa, anayatia humo humo kinywani mwa binti. Kilichobaki ni kimoja. Bibi harusi hajasema kuwa ameridhia. Yang'olewe yale meno yote mapya, yafungwe kitambaa cheupe, arudishiwe mahari yake kabla binti hajatamka. Na usimwoneshe mtoto yale meno, Shukri. Ng'oa tu."

Mzee Aboud alilia njia nzima.

Jumapili kliniki imefungwa, baada ya alasiri, wakamleta Sahla kwa hila, wakamwambia ni kusafishwa tu. Mzee akakaa sebuleni, wanapongojea wagonjwa, kati ya Seif na Twahir, waliokuja kwa majuto, wote watatu wakisoma kimya kimya. Ndani, Shukri akamfunga Sahla kitambaa cha kifuani, akawasha taa, akahesabu. Meno mapya yalikuwa kumi na manne. Kumi na manne! Akalishika koleo.

Sasa, Shukri ana desturi moja ya kazi, na wagonjwa wake wote wanaijua na wanampenda kwa ajili yake. Hang'oi jino la mtu bila kumpa kioo kwanza na kumwonesha kwa nini. Miaka minane hajawahi kuivunja. Na huyu alikuwa mdogo wake, anamng'oa meno kumi na manne kwa hila, naye anamtazama kwa macho yale ya utotoni, akiuliza, "Dada, mbona unalia?"

Roho ikamshinda. Aliamini Sahla akiona ataogopa, kama alivyoogopa yeye, kama alivyoogopa Kitsao. Akampa kioo.

"Tazama, mdogo wangu. Hapa palikuwa na chonge. Tazama nyuma, juu huna magego. Haya si meno ya mtu. Unaona?"

Sahla alijitazama kwa muda mrefu. Akageuza uso huku na huku. Akatabasamu, kidogo kwanza, kisha kwa kinywa chote, na machozi yakamtoka.

"Miaka yote uliniambia ni mazima," akasema. "Hukuniambia hata siku moja kuwa ni mazuri."

"Sahla, nisamehe. Fungua mdomo, nakuomba."

Lakini Sahla hakuwa akimtazama yeye tena. Alitazama juu ya bega la Shukri, akainamisha kichwa kwa haya, akasema kwa sauti ndogo iliyo wazi, "Nimeridhia."

Nyuma ya shingo ya Shukri mtu akashusha pumzi, na ile harufu ya mfupa unaoungua ikajaa chumba kizima hata taa ikawa kama iko ndani ya moshi, na Shukri akageuka akilitanguliza koleo mbele, akaona ukuta, kabati, sinki, na alipogeuka tena kiti kilikuwa kitupu na kile kitambaa cha kifuani kimekunjwa vizuri mahali pa kichwa.

Akatoka mbio hadi sebuleni. Seif na Twahir walikuwa wamesimama, wanaangalia mlango wa barabarani, na baba yake katikati yao, ndevu zingali zimelowa machozi, anatabasamu.

"Baba! Sahla yuko wapi?"

"Si wametoka sasa hivi na mumewe," Mzee Aboud akasema. "Ameniaga kwa adabu, kanibusu mkono. Lo, Shukri, kijana mzuri yule! Mbona hukutuambia ana tabasamu namna ile?"